Kufika na Kukubaliwa: Kwa Nini Kompyuta za Nyumba Moja Hazionani

Kompyuta ya sebuleni ina picha za harusi, ya chumbani inazihitaji, na zote mbili zimeunganishwa kwenye ruta moja. Kila moja inafungua tovuti bila taabu. Hata hivyo ukiitafuta ya kwanza kutoka kwa ya pili huioni; au unaiona, lakini ukiigusa inakudai nywila ambayo hukumbuki kuiweka. Tatizo hili limeenea kiasi kwamba kila fundi wa mtaani ana dawa yake: zima ruta uwashe, badilisha kebo, ondoa ukuta wa moto, piga Windows upya. Dawa hizi zina kasoro moja. Zote hutolewa kabla ya kuulizwa swali ambalo jibu lake ndilo linaloamua kila kinachofuata: je, ujumbe wa kompyuta ya kwanza haukufika kwa ya pili, au ulifika ukakataliwa? Ninachotaka kuonyesha ni kwamba katika nyumba za leo kukataliwa ndiko kunakostahili kushukiwa mapema, na kwamba watu wengi hupoteza siku nzima wakitengeneza njia iliyo nzima, huku upande wa pili kuna programu iliyoamriwa isijibu.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Windows za miaka ya 1990 zilijengwa kwa dhana kwamba aliye kwenye waya uleule ni mwenzako. Kompyuta ilitangaza jina lake, nyingine zikalisikia na kuliorodhesha, na folda iliyoachwa wazi ilimfungukia yeyote. Enzi hizo kompyuta zisipoonana, kosa kwa kawaida lilikuwa kwenye waya, kadi ya mtandao au anwani, na aliyekagua hivyo vitatu alikuwa amemaliza kazi. Dhana hiyo ilivunjwa na virusi. Agosti 2003 kirusi kilichoitwa Blaster kiliingia katika kompyuta za Windows duniani kote bila mtu kubofya chochote. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2004, Microsoft ilitoa Service Pack 2 ya Windows XP, ambayo iliwasha ukuta wa moto, yaani programu inayochuja ujumbe unaoingia, bila kusubiri mtumiaji aombe. Mei 2017 WannaCry ikashambulia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, ikivuruga hata hospitali za umma za Uingereza, kwa kupitia udhaifu wa SMB1, itifaki kongwe ya kushirikiana mafaili. Kuanzia Oktoba mwaka huohuo Windows 10 ilianza kuiondoa itifaki hiyo, na pamoja nayo ikaondoka njia ya zamani ya kompyuta kujitangazia majina. Mwaka 2018 huduma ya HomeGroup, iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya nyumba, ikafutwa. Toleo la 24H2 la Windows 11 Pro, la mwaka 2024, halikubali tena kuingia katika folda ya kompyuta nyingine kama mgeni asiye na nywila. Kila hatua ilikuwa na sababu nzito. Lakini kila hatua pia iliacha nyuma yake nyumba ambamo kompyuta zilizoonana jana hazionani leo, na hakuna kilichoharibika.

Kutenganisha kutofika na kukataliwa hakuhitaji kifaa cha kununua. Desemba 1983 Mike Muuss, aliyekuwa mtafiti katika maabara ya jeshi la Marekani huko Aberdeen, Maryland, aliandika programu ndogo aliyoiita ping. Hutuma ujumbe mfupi kwenye anwani fulani na kusubiri jibu, na ipo mpaka leo ndani ya Windows, Mac na Linux. Wengi wanaijua, ila wanaisoma nusu: ikijibiwa wanasema mtandao ni mzima, isipojibiwa wanasema mtandao umekufa. Ukweli ni kwamba kutojibiwa kuna sura mbili. Kwenye Windows, ukituma ping kwa anwani isiyo na mtu, kompyuta yako yenyewe ndiyo inayokujibu, kwa namba yake yenyewe, kwamba mwenyeji unayemtafuta hafikiki. Ukituma kwa kompyuta iliyopo lakini iliyofungiwa na ukuta wake wa moto, unaambiwa tu kwamba muda wa kusubiri umekwisha. Tofauti hii hutokana na hatua inayotangulia. Kabla ya ujumbe kuondoka, kompyuta yako lazima ipate anwani ya kadi ya mtandao ya mlengwa, ile ya herufi na tarakimu kumi na mbili. Huipata kwa kuuliza mtandao mzima ni nani mwenye namba fulani. Utaratibu huo, uitwao ARP, uliandikwa rasmi Novemba 1982, na ukuta wa moto wa Windows kwa kawaida hauuzuii. Kwa hiyo kompyuta inayonyamazia kila kitu kingine bado hulijibu swali hili moja.

Hapo ndipo penye ushahidi mzito kuliko wote katika suala hili, nao hupatikana kwa sekunde chache. Hakikisha kwanza kwamba anwani za kompyuta zote mbili zinafanana katika sehemu tatu za mwanzo, kwa mfano 192.168.1. Tuma ping, na mara baada ya kushindwa andika arp -a usome orodha inayotokea. Namba ya mlengwa ikiwamo, na mbele yake pakawa na zile herufi na tarakimu kumi na mbili, basi kompyuta ile imewashwa, iko kwenye mtandao mmoja na yako, na kebo au Wi-Fi iliyo kati yao inafanya kazi. Hakuna sababu ya kugusa ruta. Isipokuwamo, ndipo sasa una haki ya kukagua nyaya. Orodha hiyo hukumbuka mambo ya muda mfupi uliopita, hivyo kompyuta iliyozimwa sasa hivi inaweza kubaki ndani yake kidogo. Rudia baada ya dakika chache ikiwa una shaka. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu ujumbe wa kosa ambao Windows humwonyesha mtumiaji, ule wenye namba 0x80070035 unaosema njia ya mtandao haikupatikana, hautofautishi. Hutokea pale kompyuta ya pili isipokuwapo kabisa, na hutokea vilevile pale ukuta wa moto unapoutupa ujumbe kimyakimya. Mtengenezaji mwenyewe amechanganya hali mbili katika sentensi moja, kisha tunamlaumu mwenye nyumba kwa kuchanganyikiwa.

Tuchukue upande wa kutofika. Hapa anwani husema mengi kuliko taa za ruta. Amri ya ipconfig ikionyesha namba inayoanza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani kwa ruta, haikupewa, ikajipa yenyewe. Katika miji yetu hali hii inaweza kutokea baada ya umeme kukatika na kurudi: kompyuta imewaka, ruta bado inaamka. Kusubiri kidogo, au kuchomoa kebo na kuirudisha, hutosha. Kebo nayo ina hila yake. Ina nyuzi nane, na kasi ya megabiti 1,000 kwa sekunde huzihitaji zote, ilhali kasi ya megabiti 100 hutumia nne tu. Kwa hiyo kebo iliyokatika uzi mmoja ndani huweza kuendelea kufanya kazi kwa kasi ya chini, na mtu akadhani kompyuta yake imezeeka. Wi-Fi ina habari yake: mawimbi ya gigahezi 5 yana kasi lakini hupungukiwa nguvu haraka ukutani, na anayeishi Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, ndani ya kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, hapaswi kutegemea kisanduku kimoja kiangaze vyumba vyote.

Kuta hizo, na zile za matofali ya saruji, ndizo zinazozaa chanzo ambacho kwa maoni yangu huwapotosha mafundi kuliko kingine: ruta mbili. Kampuni ya intaneti inaleta kisanduku chake. Mawimbi hayafiki chumba cha nyuma. Mwenye nyumba ananunua ruta ya pili na kuchomeka kebo kwenye tundu lililoandikwa kuwa ni la intaneti, kama maelezo yalivyomwambia. Tangu hapo nyumba ina mitandao miwili, mmoja ndani ya mwingine. Wa nje unaweza kuwa na namba za 192.168.1, wa ndani za 192.168.0. Simu zote zinapata intaneti, kwa hiyo hakuna anayeshuku chochote. Dalili yake ni ya upande mmoja: kompyuta iliyo kwenye ruta ya ndani huweza kuifikia iliyo nje ukiandika namba yake, lakini ya nje haiwezi kuanzisha mazungumzo na ya ndani, kwa sababu ruta ya pili huwaficha walio nyuma yake kwa namna ileile ambayo ruta ya kwanza inaificha nyumba nzima mbele ya dunia. Mtu akikuambia kwamba kompyuta moja inaiona nyingine ila nyingine haiioni ya kwanza, linganisha namba kabla ya kufanya lolote. Tiba si ngumu: iwekee ruta ya pili hali ya kurusha Wi-Fi tu, au hamishia kebo kwenye tundu la kawaida, uipe anwani isiyogongana na ya kwanza, na uzime ugawaji wake wa anwani ili kisanduku kimoja tu ndicho kiwe mgawaji.

Kati ya kutofika na kukataliwa kuna eneo ambalo orodha ya ARP peke yake haitakuokoa, nalo ni mtandao wa wageni. Ruta nyingi za sasa zinaweza kurusha jina la pili la Wi-Fi kwa ajili ya wageni, na kazi ya jina hilo ni kuhakikisha kwamba aliyeunganishwa anapata intaneti bila kumfikia mwingine yeyote ndani ya nyumba. Ruta nyingine zina kipengele kama hicho hata kwenye jina kuu, kikiwa kimewashwa na aliyezifunga. Ujumbe haufiki, ping inasema mwenyeji hafikiki, nyaya ni nzima, namba zinafanana. Kila ushahidi unaelekeza kwenye uharibifu, kumbe ruta inatii amri. Njia ya kuthibitisha ni kuunganisha kompyuta zote mbili kwa kebo kwenye ruta hiyohiyo. Zikionana kwa kebo na kukosana kwa Wi-Fi, ingia kwenye mipangilio ya ruta utafute kile kipengele cha kutenganisha wateja. Programu za VPN, ambazo watu wengi huziacha zikifanya kazi mchana kutwa, nazo zinaweza kuifungia kompyuta isizungumze na majirani zake wa ndani. Zizime kabla ya kupima.

Sasa kukataliwa kwenyewe. Kitu cha kwanza ni namna Windows ilivyouainisha mtandao wako. Ina makundi mawili ambayo mwenye nyumba hukutana nayo, mtandao wa umma na mtandao wa binafsi, na chini ya kundi la umma huficha kompyuta na kuzuia kushirikiana mafaili. Hilo ndilo sahihi kwa mgahawa au uwanja wa ndege. Nyumbani huleta ukimya uleule niliouelezea, na kompyuta nyingi zimo katika kundi la umma kwa sababu tu mtu alibofya haraka siku ya kwanza. Badilisha kundi kuwa la binafsi na uwashe kushirikiana mafaili na printa: kesi nyingi huishia hapo. Zisipoishia, acha kutafuta picha ya kompyuta kwenye orodha ya mtandao, kwa maana orodha hiyo hutegemea matangazo ya majina na huweza kuwa tupu wakati kila kitu kingine kinafanya kazi. Andika namba moja kwa moja, kwa mfano \\192.168.1.20. Folda zikifunguka kwa namba na zikagoma kwa jina, tatizo lako ni la majina, na linaweza kumalizwa kwa kuiagiza ruta impe mlengwa namba ileile siku zote.

Baada ya hapo huja suala la utambulisho, na hapa watu waangalifu kabisa hukwama. Windows haimruhusu mtu kuingia kupitia mtandao kwa akaunti isiyo na nywila; akaunti kama hiyo hufunguka tu kwa aliyekaa mbele ya mashine. Vilevile ile PIN ya tarakimu chache ambayo watu huitumia kila asubuhi ni ya mashine ile moja na haina maana yoyote kwa kompyuta ya pili, ambayo hutaka nywila kamili ya akaunti. Mtu anaandika PIN mara kumi, anakataliwa mara kumi, anahitimisha kwamba mtandao ni mbovu, ilhali kule kukataliwa ndiko kunakothibitisha kwamba mtandao ni mzima: huwezi kuulizwa nywila na kompyuta usiyoifikia. Na hata nywila ikikubaliwa, folda yenyewe ina ngazi mbili za ruhusa, moja ya kushirikiana na nyingine ya mafaili ndani ya diski, na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Ndiyo maana mtu huweza kuiona folda, akaifungua, kisha akashindwa kuhifadhi faili ndani yake.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mzunguko mrefu, kwa kuwa kuzima na kuwasha hutibu. Ni kweli kwamba mara nyingi hutibu, na sababu inaeleweka: kompyuta huomba anwani upya, Wi-Fi huungana upya, huduma iliyokwama huanza upya. Hizo zote ni kasoro za kufika. Mipangilio ya ukuta wa moto, kundi la mtandao, PIN na ruhusa za folda huandikwa kwenye diski na hurudi vilevile baada ya kuwasha. Kwa hiyo kuzima na kuwasha kuna thamani kama kipimo, mradi kufanyike mara moja na baada ya kuandika namba zilizokuwapo. Kukirejesha kitu kikafanya kazi kwa siku mbili kisha kikakwama tena, tafuta upande wa anwani na nyaya. Kusipobadilisha chochote, acha kurudia. Anayezima kila kitu kwa pamoja kabla ya kutazama hufuta ushahidi wake mwenyewe, na wiki ijayo ataanza tena sifuri.

Pingamizi la pili lina hatari zaidi: zima ukuta wa moto kabisa, rudisha SMB1, ruhusu kila mtu kwenye folda, na mambo yatakwenda. Yatakwenda, sibishi. Kuuzima ukuta kwa dakika moja ili kuthibitisha kwamba ndio unaozuia ni kipimo halali. Kuuacha umezimwa ni jambo jingine. Kirekebisho cha udhaifu ulioipa WannaCry njia kilikuwa kimetolewa Machi 2017, miezi miwili kabla ya shambulio. Wengi wa walioangamia walikuwa wale waliochelewa kukiweka, na itifaki iliyotumika ndiyo hiyo ambayo mafundi bado wanairudisha ili printa ya zamani iweze kuhifadhi picha iliyoskaniwa. Katika nyumba ambamo simu za wageni, kompyuta ya shule na mashine yenye michezo ya kunakiliwa hutumia Wi-Fi moja, adui hahitaji kutoka nje. Tena kompyuta ya mkononi haikai nyumbani: kesho itaunganishwa hosteli au mgahawani, ikiwa imevuliwa kinga na mtu ambaye hayupo tena. Kuweka mtandao wa nyumbani katika kundi la binafsi na kuruhusu huduma moja tu ya mafaili huleta matokeo yaleyale, na huchukua muda uleule.

Wengine huuliza kwa nini kuhangaika wakati kuna WhatsApp, hifadhi za mtandaoni na flashi. Kwa barua ya kurasa mbili wana haki. Lakini video ya gigabaiti 4 ikipandishwa kwenye hifadhi ya mbali kisha ikashushwa chumba cha pili hutumia gigabaiti 8 za bando, huenda ng'ambo na kurudi, na hutegemea intaneti iwepo. Kwa kebo ya megabiti 1,000 faili hiyo huchukua chini ya dakika moja mashine zikiwa na diski za kasi, na kwa megabiti 100 dakika kama sita, bila kutumia hata senti ya bando na hata siku ambayo intaneti imekatika. Flashi haina gharama hiyo, ila husafirisha na virusi. Conficker, iliyoibuka mwaka 2008, ilitumia njia hiyo pamoja na mtandao. Mahali ambapo bando hununuliwa kwa hesabu, mtandao wa ndani unaofanya kazi ni akiba halisi kwa familia, kwa ofisi ya nyumbani na kwa stesheneri ya mtaani yenye kompyuta mbili na printa moja.

Pingamizi linaloniuma zaidi ni kwamba mwenye nyumba hapaswi kuyajua haya. Ninakubali. Windows ingeweza kusema waziwazi kwamba kompyuta unayoitafuta ipo lakini imejifungia, maana taarifa hiyo tayari iko ndani ya mashine, katika orodha ileile ya ARP. Kampuni za intaneti zinazofunga ruta majumbani zingeweza kubandika juu ya kisanduku karatasi ya Kiswahili yenye mistari michache: anwani ya ruta, kama kutenganisha wateja kumewashwa, na tundu lipi litumike ukiongeza ruta ya pili. Hayo hayajafanyika kwa kiwango kinachotosha, na mpaka yafanyike mzigo unabaki kwa mwenye nyumba na fundi wake. Basi mwenye nyumba na aulize maswali mawili kabla ya kutoa pesa: ulijuaje kwamba ujumbe haufiki, na umebadilisha nini kwenye mashine yangu? Fundi asiyeweza kujibu la kwanza amebahatisha. Na akisema ameuzima ukuta wa moto, asilipwe mpaka auwashe tena na faili lifunguke ukiwa umewaka.